Kamera ya Pili Uwanjani: Namna ya Kuchagua Bodi ya Akiba kwa Picha za Michezo

Vijana wa Mbagala, Tandika na Manzese wanaojipatia riziki kwa kupiga picha za michezo hunijia mara kwa mara na swali moja: "Mwalimu, nimeweka akiba kidogo, ninunue kamera gani ya pili?" Swali hili laonekana kuwa la mwenye duka, na kwa kweli wengi huanzia dukani. Lakini ndani yake mna fizikia ya mwanga, mna habari za chumvi na mvuke, tena mna hesabu za uwezekano ambazo mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana nazo darasani. Katika makala haya nakusudia kulijibu kwa kirefu kidogo, nikitumaini kwamba walimu watapata humo mifano ya kufundishia.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Wapiga picha husema "bodi" wakiwa na maana ya kamera yenyewe bila lenzi yake. Ndani ya bodi mna kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu ya zamani, na mbele yake mna shata, pazia jembamba linalofunguka na kufunga kwa muda mfupi sana. Bodi ya akiba ni ile ya pili, ambayo mpiga picha huenda nayo uwanjani ili ya kwanza ikishindwa, kazi isikatike. Mpiga picha za arusi aweza kumwomba bwana arusi avishe pete mara ya pili. Wa michezo hana wa kumwomba.

Tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza wakiwa wameandikiwa muda ule ule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti baina yao ilikuwa sehemu 3 katika mia za sekunde. Tukikadiria kwamba mwishoni walikuwa wakikimbia mita 6 kwa sekunde, hizo ni sentimita 18, urefu wa kalamu mpya ya risasi. Mshindi alitambuliwa kwa kamera ya mstari wa mwisho, chombo cha namna yake ambacho huutazama mstari mmoja mwembamba tu na kuusoma maelfu ya mara kwa sekunde. Kamera ya mkononi inayopiga picha 10 kwa sekunde huacha pengo la sehemu 10 katika mia za sekunde baina ya picha na picha, yaani zaidi ya mara tatu ya tofauti iliyompa Simbu medali ya dhahabu. Sasa fikiri juu ya mpiga picha ambaye kamera yake imezima papo hapo, naye anafungua mkoba kutafuta nyingine. Ikimchukua sekunde 20 tu, amepoteza muda unaozidi tofauti ile mara 600.

Mimi nilijifunza haya kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na shule moja ya sekondari kupiga picha za fainali ya mpira wa miguu ya wasichana, katika uwanja mmoja wa Temeke. Nilikuwa na kamera mbili, nikajiona nimejizatiti. Kamera yangu ya kwanza ilizima katika kipindi cha pili, na kioo chake kikaonyesha neno la hitilafu. Niliichukua ya pili, niliyokuwa nimeazima kwa rafiki. Ilikuwa ya kampuni nyingine. Lenzi yangu ndefu haikuingia katika mdomo wake, na lenzi fupi iliyokuja nayo iliwafanya wachezaji wa upande wa pili waonekane kama siafu. Dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho mlinda mlango wa shule ile aliokoa penalti kwa mkono mmoja. Jumatatu yake alikuja ofisini kwangu. "Shikamoo mwalimu. Ile picha yangu imetoka?" Nilikuwa na kamera mbili, na picha sikuwa nayo.

Hesabu ya bahati mbaya

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kila kamera hushindwa kazi mara 1 katika mechi 100. Kama kushindwa kwa moja hakuhusiani kabisa na kushindwa kwa nyingine, uwezekano wa zote mbili kushindwa katika mechi moja ni 1/100 mara 1/100, yaani mara 1 katika mechi 10,000. Mpiga picha anayehudhuria mechi mbili kila juma angesubiri karibu miaka mia. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa na akiba, na ndiyo sababu ndege kubwa huwa na injini zaidi ya moja.

Walakini hesabu hiyo ina sharti, na sharti hilo ndilo linalosahauliwa: matukio yawe hayategemeani. Tuseme pia kwamba mara 1 katika mechi 500 hutokea jambo moja linaloziua kamera zote mbili kwa pamoja: mvua ya ghafla imeingia katika mkoba zilimo zote mbili, umeme umekatika usiku kucha na betri zote zilikuwa zikingoja chaja moja, kijana wa pikipiki amepita na mkoba wenyewe. Basi 1/500 ni mara 20 ya 1/10,000. Hapo ubora wa bodi ya pili hausaidii neno. Fedha za ziada zilizotumiwa kununua bodi yenye sifa kubwa zaidi zimepotea bure, maana hatari iliyobaki haitoki ndani ya bodi.

Kutokana na hesabu hii mimi huitazama bodi ya akiba kwa macho mawili. Katika kila kitu kinachoguswa na mkono na lenzi, sharti ifanane na ya kwanza kadiri iwezekanavyo. Katika kila kitu kinachoweza kuiua, sharti iwe mbali nayo. Wauzaji hutaja jambo la kwanza nusu nusu, na la pili hawalitaji kabisa.

Mdomo wa bodi

Lenzi ndefu ya michezo aghalabu hugharimu zaidi kuliko bodi. Kwa hiyo bodi ya pili isiyoipokea lenzi hiyo ni kama dau lisilo na kasia. Kila kampuni ina mdomo wake: Nikon ilianza mdomo wake wa F mwaka 1959, Canon ikaanza ule wa EF mwaka 1987. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilileta midomo mipya, Z kwa Nikon na RF kwa Canon, kwa ajili ya kamera zisizo na kioo cha ndani. Hapo ndipo vijana wengi wanapokwama, kwa kuwa mitaani zipo za zamani na za kisasa, na jina la nje ni lile lile.

Fizikia yake ni nyepesi. Kila lenzi imetengenezwa ili picha iangukie mahali maalumu nyuma yake. Katika mdomo wa EF, umbali kutoka ukingo wa mdomo hadi kwenye kihisi ni milimita 44, maana kilihitajika nafasi ya kioo. Katika RF, kioo kimeondolewa na umbali umekuwa milimita 20. Tofauti ni milimita 24. Ukitaka kuweka lenzi ya EF juu ya bodi ya RF, weka bomba la urefu wa milimita 24 katikati, nayo mambo yatakuwa sawa. Ukitaka kinyume chake, ungehitaji bomba la urefu wa hasi milimita 24, na bomba la namna hiyo halijapata kuundwa. Nikon ni vivyo hivyo: milimita 46.5 kwa F na 16 kwa Z.

Matokeo yake ni haya. Mwenye lenzi za zamani aweza kununua bodi ya pili ya zamani au ya kisasa, akitumia bomba. Mwenye lenzi za kisasa hana hiari. Bodi yake ya pili lazima nayo iwe ya kisasa. Kwa wenye lenzi za Nikon za miaka mingi, zile ambazo hazina mota yao na husukumwa na mota iliyomo ndani ya bodi, jambo la kuangalia ni kwamba bomba la kampuni hiyo liitwalo FTZ halina mota hiyo. Lenzi itaingia, lakini itabidi kutafuta fokasi kwa mkono, kazi ambayo katika mpira wa kasi wachache wanaiweza.

Betri nazo zina ukoo. Kwa Canon, ukoo wa LP-E6 ulianza na EOS 5D Mark II ya mwaka 2008, ukaendelea katika EOS 7D, 7D Mark II, R6 na R7. Anayechagua bodi mbili ndani ya ukoo mmoja hubeba chaja moja, na betri ya bodi iliyokufa huilisha iliyo hai. Kadi za kumbukumbu ni hivyo hivyo. EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 hupokea kadi mbili za aina tofauti, moja ya CF na moja ya SD. R7 ya mwaka 2022 hupokea mbili za SD. Basi anayezitumia zote mbili pamoja heri anunue SD tu. Nafasi mbili za kadi ni akiba ya ndani kwa ndani: picha ile ile huandikwa mara mbili, na kadi moja ikiharibika nyingine ipo. Lakini zote mbili zimo katika bodi moja, na mwizi huchukua bodi nzima.

Jioni ya Mwembe Yanga

Mechi nyingi za ligi na za ndondo katika mitaa yetu huanza saa 10 jioni. Hapa Dar es Salaam jua huzama takriban kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50, kufuatana na mwezi. Kwa kuwa tu karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, na machweo ni mafupi. Mechi ikichelewa kuanza kidogo, halafu ikaingia penalti, basi dakika zenye thamani kuliko zote huangukia katika mwanga mdogo kuliko wote. Ndiyo maana namwuliza kila kijana, kabla ya kumtajia kamera, atakuwa amesimama wapi wakati wa penalti: chini ya taa za Uwanja wa Benjamin Mkapa na wa Chamazi, au Mwembe Yanga na Biafra, ambako taa ni jua lenyewe?

Mwanga hupimwa kwa luksi. Jua la utosi hutoa takriban luksi 100,000. Jua linapogusa upeo wa macho hubaki luksi 400 hivi. Ili kumshika mchezaji asionekane kama moshi, tunahitaji shata ifunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa lenzi yenye tundu kubwa, iliyoandikwa f/2.8, luksi 400 hutaka ISO ya 5,000 hivi. ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyoukuza mwanga mdogo. Kwa lenzi ya bei nafuu yenye tundu la f/5.6, mwanga unaopita ni robo ya ule, na ISO itahitajika kuwa karibu 20,000. Nikiweka kando mada yangu kwa sentensi moja: kijana mwenye lenzi ya f/5.6 anayepiga picha za jioni, ambaye ana fedha za kununua lenzi bora au bodi ya pili lakini si vyote viwili, huwa namwambia anunue lenzi, na bodi aazime kwa mwenzake wa kampuni ile ile.

Kwa nini ISO kubwa huleta chengachenga? Mwanga huja kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni, navyo huanguka kama matone ya mvua juu ya bati, bila mpango. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 hupungua au kuzidi kwa 100 hivi, ambayo ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Ni asilimia 1, jicho haliioni. Iliyopokea 100 hupungua au kuzidi kwa 10, asilimia 10, na hapo uso wa mchezaji huonekana kama umenyunyiziwa mchanga. Chengachenga hizi hutoka katika mwanga wenyewe, na hakuna fundi awezaye kuziondoa kabisa.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa kihisi. Kihisi kikubwa kina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Kidogo kina takriban 24 kwa 16. Eneo la kwanza ni mara 2 na robo ya la pili, kwa hiyo picha nzima hupokea fotoni mara 2 na robo, na chengachenga zake hupungua kwa mara 1.5. Lakini kihisi kidogo kina faida yake: hukata kingo za picha, hata lenzi ya milimita 300 hufanya kazi kama ya 450. Mchana, kwa mpiga picha aliyesimama nyuma ya goli la Mwembe Yanga akimwinda mshambuliaji wa upande wa pili, faida hiyo ni sawa na kuongezewa lenzi bure.

Shauri la kawaida ni kwamba bodi ya kwanza iwe na kihisi kikubwa na ya pili kidogo, ili mpiga picha apate manufaa ya vyote viwili. Kwa viwanja vyenye taa nzuri nakubaliana nalo. Kwa viwanja visivyo na taa silikubali. Akiba huitwa kazini saa mbaya, na saa mbaya ya viwanja vyetu ni saa 12 jioni. Afadhali bodi kuukuu yenye kihisi kikubwa, hata ikiwa inapiga picha 6 kwa sekunde, kuliko mpya yenye kihisi kidogo ipigayo 15 za chengachenga.

Kuhusu taa kuna jambo moja la kuongeza. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za kawaida hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui. Shata inayofunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde huchukua sehemu ya kumi tu ya mpando mmoja, basi picha moja hutoka angavu, inayofuata ikatoka ya kahawia. EOS 7D Mark II na Nikon D500 zina kifaa cha kuusoma mpando huo na kuingoja nukta yake ya juu kabla ya kufungua shata. Ukipiga picha chini ya taa za mtaani, kifaa hicho kina thamani kuliko pikseli milioni kumi za nyongeza.

Mwendo, na mpira uliogeuka yai

Tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi hesabu hii: kasi yake ya wastani ilikuwa kiasi gani? Jawabu ni mita 7.07 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde alisogea milimita 7. Tukimpiga picha akiwa umbali wa mita 30 kwa lenzi ya milimita 300, taswira yake kwenye kihisi ni sehemu moja ya mia ya ukubwa wake, kwa hiyo kusogea huko ni milimita 0.07. Kihisi cha upana wa milimita 36 chenye pikseli 6,000 kwa upana kina pikseli za milimita 0.006. Basi Bayi angeacha ukungu wa pikseli 12 hivi, gazetini hauonekani. Shata ikipunguzwa hadi sehemu moja ya 250, ukungu ni pikseli 47, na jina kifuani halisomeki. Miguu yake, inayorushwa mbele kwa kasi kuliko mwili, ingekuwa na ukungu zaidi.

Kamera za siku hizi huweza kupiga picha bila kugusa shata, kwa kukisoma kihisi mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Hazipigi kelele, na hakuna kinachochakaa. Lakini kusoma huko huchukua muda, na bodi za bei ya kati huchukua takriban sehemu moja ya 30 ya sekunde kwa picha nzima. Mpira uliopigwa kwa mita 25 kwa sekunde, ukiwa umejaza sehemu ya kumi ya kimo cha picha, husomwa kwa sehemu moja ya 300 ya sekunde, na katika muda huo umesogea sentimita 8. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 22. Utatoka umelala kama yai. Mwalimu aweza kulionyesha hili darasani bila gharama: apige picha ya feni inayozunguka kwa simu ya mkononi, mapanga yatapinda kama majembe. Nikon Z9 ya mwaka 2021 husoma kihisi kwa haraka kiasi cha kutohitaji shata kabisa, na Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023 husoma pikseli zote kwa mara moja. Lakini bei zake si za akiba ya kijana wa Tandika. Kwake yeye yatosha kujua kwamba shata ya chuma, ambayo hulipitia eneo lote la kihisi kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde au chini ya hapo, bado yafaa sana kwa mpira.

Joto, chumvi na kiyoyozi

Vitabu nilivyovisoma nilipokuwa Ujerumani nikitafuta shahada ya uzamivu vilionya juu ya kamera inayotoka theluji kuingia nyumbani. Nilicheka, nikadhani hayanihusu. Kumbe sisi tuna hatari ile ile, kwa mlango mwingine. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni ya kawaida kwetu miezi ya masika, huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 25 hivi. Kamera iliyokaa saa nzima ndani ya gari lenye kiyoyozi cha nyuzi 20 hutoka nje ikiwa baridi, na maji huota juu ya lenzi, na pengine ndani ya bodi. Siku ya ile penalti nilikuwa nimepewa lifti katika gari la namna hiyo. Siwezi kuthibitisha kwamba umande ndio uliozima kamera yangu, lakini namshuku yeye kuliko mwingine yeyote.

Dawa yake ni mfuko wa nailoni. Funga kamera ndani yake ukiwa bado katika baridi, toka nayo, ingoje nusu saa mpaka ipate joto la nje. Umande utaota juu ya nailoni. Na kumbuka hesabu yetu ya awali: kamera mbili zilizokaa katika baridi moja huota umande kwa wakati mmoja. Ya pili isafiri mahali pasipo na kiyoyozi.

Nyumbani, adui ni kuvu, anayeota juu ya lenzi zilizofungiwa kwenye mkoba wa ngozi miezi mingi. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na vifuko vichache vya chembechembe za silika zinazonyonya unyevu hutosha, na klabu ya picha ya shule yaweza kumudu. Chumvi ya pwani hula visima vya betri na skrubu za mdomo wa lenzi. Vumbi nalo huingia kila lenzi inapobadilishwa, na hapa bodi ya pili hufanya kazi ambayo wengi hawaitarajii: ya kwanza ikae na lenzi ndefu, ya pili na fupi, zote shingoni, na hakuna lenzi itakayofunguliwa uwanjani. Akiba inayofanya kazi kila mechi hujulikana hali yake. Ile inayolala mkobani aghalabu hugunduliwa kuwa imekufa siku inapohitajika. Saa za kamera zote mbili zilinganishwe kabla ya mchezo, ama sivyo picha za goli na za shangwe zitapangika kinyume.

Siku ya kununua

Juzi kijana mmoja wa Mbagala, mwenye EOS R6 yenye kihisi kikubwa na lenzi mbili za EF anazozitumia kwa bomba, aliniomba tufuatane Kariakoo. Lenzi zake zilimpa uhuru wa kuchagua bodi ya zamani. Nilimwambia aje na lenzi yake ndefu, betri yake na kadi yake, wala asikubali kujaribu kwa vifaa vya duka.

Tuliwekewa bodi mbili za mkono wa pili. Moja ilikuwa ya kihisi kidogo, inang'aa, na muuzaji aliisifu sana. Nyingine ilikuwa 5D Mark III ya mwaka 2012, kihisi kikubwa, rangi imebabuka pembeni. Tulifungua kisima cha betri cha ile inayong'aa, tukaona unga wa kijani kwenye visahani vya shaba. Hiyo ni chumvi imekwisha anza kazi. Katika ile iliyobabuka visahani vilikuwa safi. Tulipiga ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16 ili kuona madoa ya vumbi kwenye kihisi. Yalikuwepo matatu, yanayosafishika. Tulipiga picha 200 mfululizo tukisikiliza kama mlio wa shata unabadilika.

Kisha tukauliza shata imefunguka mara ngapi. Ilikuwa karibu 90,000, na kampuni huikadiria shata ya bodi ile kuwa ya mara 150,000. Kijana alinuna. Nilimweleza kwamba kadirio hilo si tarehe ya kufa. Shata nyingine huvunjika mapema, nyingine huendelea mbali. Lakini tukilichukua lilivyo, zimebaki mara 60,000, na yeye hupiga picha 500 hivi kwa mechi kwa bodi yenye lenzi fupi. Ni mechi 120. Betri yake iliingia, kadi yake ya SD iliingia, lenzi zake zikaingia bila hata bomba.

"Lakini mwalimu, ni polepole, picha 6 tu kwa sekunde."

Nilimwuliza ile inayong'aa inapiga ngapi. Alijibu kumi. Nikamwomba aizime na kuiwasha tena kwa betri yake. Iliwaka mara ya tatu.

Alilipa ile iliyobabuka. Jumamosi iliyofuata nilimwona pembeni mwa uwanja, bodi zote mbili shingoni, kadi za akiba mfuko wa shati, na ule mfuko wa nailoni umechomoza kwenye mfuko wa suruali.